Dawa ya Mishipa ya Moyo: Panya Wamepona, na Watu Je?

Katika safari yangu ya mwisho kule Piana-Mwanga, katika jimbo la Tanganyika ambalo mji wake mkubwa ni Kalemie, katekista mmoja mzee alinikaribisha kwake jioni, baada ya Misa na maungamo. Hali yake haikunipendeza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito, kikombe kilitetemeka, na mama wa nyumba alinieleza kwa sauti ndogo ya kuwa majuma mawili yaliyopita mdomo wa mume wake ulipinda muda wa saa moja, kisha ukarudi. Majirani walikwisha kutoa hukumu yao: ametupiwa kitu, kuna mtu anayeitamani kazi yake. Lakini mzee mwenyewe hakusadiki mambo hayo. Akaniambia: "Baba Padri, mimi najua ni tansiyo. Munganga alinipa vidonge. Niliviacha tangu mwezi wa sita."

Nikamwuliza sababu. Akajibu kwamba alisikia kwa radio ya kuwa wanganga wa ng'ambo wamepata proteini moja inayosafisha mishipa ya damu. Wamewachoma panya sindano, na kwa siku mbili tu mafuta yaliyokuwa ndani ya mishipa yao yamepungua karibu nusu. Basi akaona heri asiendelee kutupa franga zake kwa vidonge vya kila siku, bali aziweke akiba kwa ajili ya sindano hiyo itakapofika Kalemie.

Nakiri kwamba jioni ile sikuweza kumjibu vema. Nilimwambia tu arudi kwa munganga wake. Lakini maneno ya radio hayakuwa uwongo, na mzee hakuwa mjinga. Tena alikuwa amefikiri kwa utaratibu kuliko wengi wetu. Niliporudi nilisoma, nikauliza wanganga wawili ninaofahamiana nao, na hayo niliyoyapata nawaandikia ninyi, ndugu mapadri, waseminari na makatekista. Kwa maana mgonjwa wa kwetu mara nyingi humwuliza padri kabla ya kumwuliza munganga, na mara nyingine jibu la padri ndilo analolifuata.

Kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe. Mtu wa Piana-Mwanga hana shida kuelewa habari ya maji yaendayo kwa nguvu. Pale kwenye maporomoko ya mto Luvua kampuni ya Géomines ilijenga, katika miaka ya 1930, mtambo wa umeme kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono. Kwa hiyo tukisema "mshipa umeziba", kila mtu anaona mara moja tiyo iliyojaa matope. Mfano huo unasaidia, lakini unadanganya pia. Tiyo ni chuma kisicho na uhai, na matope hukaa juu yake, kwa upande wa maji. Mshipa ni nyama hai, na mafuta hayakai juu ya ukuta wake. Huingia ndani ya ukuta, chini ya ngozi nyembamba inayougusa mkondo wa damu. Huko ndani askari wa mwili huja kuyala. Wanakula kupita kiasi, wanavimba, wanakufa, na mahali pale panabaki bonge laini kama uji. Waseminari waliosoma Kigiriki watatambua jina lake: ateroma, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uji. Kazi hii huchukua miaka mingi pasipo maumivu yoyote. Siku moja ngozi iliyofunika uji huo inapasuka, damu inaganda juu ya kidonda, na mkondo unakatika. Yakitokea katika moyo, sehemu ya moyo inakufa. Yakitokea katika bongo, mtu anaanguka, mdomo unapinda, mkono unalegea.

Sasa, mafuta hayo yanasafirije? Mafuta na maji hayachangamani; mwanamke yeyote aliyekamua mafuta ya ngazi anajua. Damu ni maji hasa. Kwa hiyo ini linayapakia mafuta katika mitumbwi midogo sana, na kila mtumbwi una nahodha wake, nahodha huyo ni proteini. Mitumbwi ya namna moja, ambayo wataalamu wanaiandika kwa herufi LDL, inachukua kolesteroli kutoka kwenye ini kwenda mwilini. Ikizidi mno, ndiyo inayokwama katika kuta za mishipa. Mitumbwi ya namna nyingine, HDL, inarudisha kolesteroli kwenye ini ili itupwe. Nahodha mkubwa wa HDL anaitwa apo A-I. Ndiye huyo aliyesikiwa na katekista wangu kwa radio.

Lakini kabla ya kufika kwa panya, nisimamishe kidogo hapa kwetu Afrika, kwa sababu wanganga waliofanya kazi katika nchi hizi za maziwa walikwisha kuuliza maswali hayo zamani. Huko Kampala, katika lopitali ya Mulago, ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Waafrika ulikuwa adimu hata munganga Hugh Trowell aliandika mwaka 1956 habari ya mgonjwa mmoja tu kuwa jambo la kutangazwa. Mwaka 1959 Shaper na Jones walilinganisha damu ya Waafrika na ya Waasia wa mji ule ule; Waasia, ambao kwao ugonjwa ulikuwa wa kawaida, walikuwa na kolesteroli nyingi zaidi. Jambo hilo lilionekana wazi. Halafu wakaja Wamasai kulivuruga. Mmarekani George Mann aliwachunguza huko Tanganyika, watu wanaokunywa maziwa mengi na kula nyama, na kolesteroli yao ilikuwa ndogo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa habari ya maiti za wanaume 50 wa Kimasai waliofunguliwa. Wengi walifikiri mishipa itakuwa safi. Haikuwa safi: kuta zilikuwa zimenenepa sawa na za wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri ya umri, na njia ya damu ilibaki wazi. Ni tiyo gani inayojipanua yenyewe? Nawaomba mkumbuke jambo hilo, kwa maana linatuonya tusidhani ya kuwa kupunguza mafuta katika ukuta na kumwokoa mtu ni jambo moja. (Leo katika miji yetu ugonjwa huo si adimu tena kama wakati wa Trowell.)

Basi twende kwa panya. Panya wa kawaida hapati ateroma hata akizeeka, kwa kuwa karibu kolesteroli yake yote inasafiri katika mitumbwi ya HDL. Kwa kusema kweli, yeye si mfano wetu hata kidogo. Ilibidi atengenezwe. Mwaka 1992 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani, moja New York na moja Chapel Hill, waliondoa katika mbegu ya panya urithi unaotoa proteini nyingine, apo E, ambayo kazi yake ni kuufungulia mtumbwi mlango wa ini. Panya waliozaliwa hivyo wana kolesteroli mara tano au zaidi kuliko wenzao, na kwa miezi michache mishipa yao imejaa ateroma. Tangu mwaka ule laboratwari nyingi za dunia zinatumia panya hao.

Na dawa? Habari yake ilianza kijijini, na sehemu hii inanipendeza kuliko zote. Kuna kijiji kaskazini ya Italia, Limone, kando ya ziwa Garda. Katika miaka ya 1970 mtu mmoja wa kijiji hicho alipimwa damu huko Milano. HDL yake ilikuwa ndogo mno, hata kwa kanuni za wanganga angepaswa kuwa na mishipa iliyoharibika. Lakini mishipa yake ilikuwa mizima. Mwaka 1980 Cesare Sirtori, Guido Franceschini na wenzao walitoa elezo: apo A-I yake ina tofauti ndogo. Katika mnyororo wa viungo 243, kiungo kimoja kimebadilika. Wakaiita apo A-I Milano. Wakapima wanakijiji, wakawapata zaidi ya thelathini wenye tofauti hiyo, na walipotaka kujua imetoka wapi, walifungua vitabu vya parokia. Kwa Ubatizo na Ndoa zilizoandikwa na maparoko waliokwisha kufa zamani, walipanda kizazi kwa kizazi mpaka kwa mume na mke wa karne ya 18. Nani kati yetu, akiandika majina jioni kwa taa, mkono umechoka na safari, anafikiri kwamba munganga atayasoma baada ya miaka mia mbili?

Ikawa wataalamu wakawaza: kama proteini hii inawalinda watu wa Limone, tuitengeneze na kuwapa wengine. Waliitengeneza kwa kutumia mikrobi, wakaichanganya na mafuta kidogo ili ifanane na mtumbwi wa HDL, na huko Los Angeles Prediman Shah na wenzake wakawachoma panya wale wasio na apo E. Namna ya kupima ni hii. Panya wanagawanywa makundi: wengine wanapewa proteini, wengine wanapewa maji ya dawa yasiyo na proteini, na wengine hawapewi kitu. Chakula ni kimoja, nyumba ni moja, umri ni mmoja. Mwishoni wanauawa, mshipa mkubwa utokao moyoni unakatwa vipande vyembamba, unatiwa rangi nyekundu inayoshika mafuta peke yake, na wekundu unapimwa. Bila kundi lile la pili jaribio halina maana, kwa sababu hatungejua kama mabadiliko yametokana na proteini au na kitu kingine. Ni kosa lile tulilolijifunza katika mantiki, post hoc, ergo propter hoc, nalo ndilo kosa la kila siku la wauza dawa wa sokoni.

Mwaka 1998 walitangaza ya kuwa panya waliochomwa mara 18, siku moja kwa kuruka moja, ateroma yao haikuendelea kukua, huku ile ya wenzao ikizidi. Mwaka 2001 walitangaza jambo la ajabu zaidi: kwa sindano moja tu yenye dozi kubwa, katika saa 48, mafuta ndani ya ateroma yalipungua kwa asilimia 40 hadi 50. Hizo ndizo "siku mbili" za katekista wangu. Radio ilisema kweli.

Hapa mseminari wa falsafa atapanga hoja yake: Proteini imesafisha mishipa ya panya, panya na mtu wote wana mishipa, basi proteini itamwokoa mtu. Nami nitamjibu kama tulivyojibu darasani: concedo antecedens, nego consequentiam. Naukubali mwanzo, ulichokitoa humo nakikataa. Na si kwa ukaidi. Dozi ile moja ya panya ilikuwa miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 24 za proteini safi, ndani ya mshipa, kwa mara moja. Tena panya wale ni ndugu wa urithi mmoja, lakini watu wa parokia moja hawafanani. Panya alipata ugonjwa kwa miezi, mtu kwa miaka arobaini. Na neno kubwa kuliko yote: ateroma ya panya kwa kawaida haipasuki kama yetu, wala hamwangushi panya katika shamba lake. Kwa panya tunapima wekundu, lakini kwa mtu tunataka kujua kama ataishi.

Na walipojaribu kwa watu? Mwaka 2003 Steven Nissen na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 47 waliowahi kushikwa na moyo. Walipewa apo A-I Milano au maji matupu mara moja kwa juma, majuma matano. Dozi ilikuwa miligramu 15 au 45 kwa kilo. Ateroma ya waliopata dawa ilipungua kwa asilimia 1 na kidogo. Si nusu, asilimia moja! Hata hivyo dunia ilishangilia, na mwisho wa mwaka huo kampuni ya Pfizer ilinunua wenye dawa hiyo kwa dola zaidi ya bilioni moja. Miaka ikapita. Mwaka 2016 dawa hiyo, ikiwa imetengenezwa upya, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya mia moja waliokuwa wanameza tayari vidonge vya kolesteroli. Haikuwashinda waliopewa maji matupu, na kazi ikasimamishwa. Wengine walichukua apo A-I ya kawaida kutoka damu ya watu wanaotoa damu, wakaipa jina CSL112, wakafanya jaribio kubwa kweli: wagonjwa 18,219. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Katika siku 90 za kwanza, waliokufa au kushikwa tena na moyo au bongo walikuwa 4.8 kwa mia upande wa dawa, na 5.2 kwa mia upande mwingine. Tofauti ndogo hivyo inaweza kutoka kwa bahati tu. Tangu panya wa 1998 mpaka hapo ni miaka 26.

Labda msomaji ataniuliza: basi panya ni bure? Hapana. Tena panya wamekosea hata kwa upande mwingine. Mjapani Akira Endo, mwaka 1973, alipata katika kuvu dawa ya kupunguza kolesteroli, ya kwanza ya jamii ya statini. Walipoijaribu kwa panya wakubwa, haikufanya kitu, na kazi nusura ifungwe. Ikaokolewa na kuku: walipowapa kuku wa mayai, kolesteroli ilishuka. Mwaka 1994 jaribio la wagonjwa 4,444 wa nchi za kaskazini mwa Ulaya lilionyesha ya kuwa statini inapunguza vifo kwa karibu theluthi. Leo ni kidonge cha bei ndogo kinachomezwa na mamilioni ya watu. Kama wangemsikiliza panya peke yake, tusingekuwa nacho.

Tena kuna proteini nyingine iliyofaulu, na mzizi wake unatugusa. Mwaka 2003 ilijulikana proteini inayoitwa PCSK9, ambayo kazi yake ni kuharibu milango ya ini inayopokea mitumbwi ya LDL. Ikizidi, LDL inabaki katika damu. Huko Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen walijiuliza: je, kuna watu ambao kwao proteini hii haifanyi kazi? Waliwapata kati ya Wamarekani weusi, watoto wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Mwaka 2006 walionyesha kwamba kati ya Wamarekani weusi 3,363, watu 85 walizaliwa na kasoro hiyo, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na katika miaka 15 mmoja tu kati yao alipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa wengine ilikuwa karibu mtu mmoja kwa kumi. Mwaka uliofuata kasoro ile ile ilionekana kwa wanawake wa Zimbabwe. Mwanamke kijana mmoja aliyeirithi kwa baba na kwa mama alikuwa na LDL karibu na kutokuwapo, naye alikuwa mzima. Kisha ndipo wakatengeneza proteini nyingine, kinga-mwili inayoishika PCSK9 na kuifunga. Mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliijaribu kwa panya waliotengenezwa ili mafuta ya damu yao yafanane na yetu, na ateroma ilipungua. Mwaka 2017 dawa ya namna hiyo ilipimwa kwa watu 27,564: walioshikwa na ubaya katika miaka miwili na zaidi walikuwa 9.8 kwa mia, badala ya 11.3.

Kwa maoni yangu tofauti ya habari hizi mbili iko hapa. Kwa PCSK9, kabla ya sindano kufika kwa panya au kwa mgonjwa, walikuwapo watu wengi, waliohesabiwa na kufuatwa miaka 15, ambao maisha yao yalishuhudia. Kwa Limone walikuwa watu wachache wa ukoo mmoja, na wekundu wa mshipa wa panya.

Hata dawa hiyo iliyofaulu si ya kungojwa na mzee wangu. Inachomwa kila juma la pili au kila mwezi, inatunzwa katika baridi, na ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2015 bei yake ilipita dola 14,000 kwa mwaka. Baadaye ilishuka hadi karibu 6,000. Lakini hata kama ingekuja bure, isingekuwa dawa yake. Ugonjwa wake ni tansiyo. Nguvu ya damu inayopita kiasi inaumiza kuta za mishipa na inaweza kupasua mshipa mdogo wa bongo pasipo ateroma yoyote. Nayo ndiyo sababu kubwa ya watu wetu kuanguka na kupooza. Mdomo uliopinda saa moja ukarudi ulikuwa onyo. Anayeonywa hivyo apelekwe kwa munganga siku ile ile, asingojee kuona kama itarudi, na tukiitwa kumpa Mpako wa Wagonjwa tuulize pia kama ameacha vidonge, na tangu lini. Mara nyingi hatasema kama haulizwi. Tansiyo haiumi, na mtu asiyeumwa huona aibu kumeza dawa kila siku mbele ya watoto wake.

Nilirudi Piana-Mwanga baada ya miezi miwili. Nilimweleza mzee kama nilivyoeleza hapa, nikamchorea mitumbwi kwa chaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: panya waliopona, waliishi muda gani baadaye? Nikamwambia waliuawa siku ile ile ili mishipa yao ipimwe. Akanyamaza kidogo. Kisha akamwita mama alete kopo la biskuti alimokuwa ameweka zile franga za sindano, akazihesabu mezani, na asubuhi tulikwenda pamoja kwa infirmie wa dispanseri. Tansiyo ilikuwa 18 kwa 11. Alinunua vidonge vya miezi mitatu, na franga zilizobaki akazirudisha katika kopo.